Watoto wa Nguruwe Walioachishwa Ziwa: Tuwakusanye, au Tuwaache Makwao?

Maneno ya Kamati ya Mifugo mbele ya wanachama, siku ya sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu



Waliotutangulia kusimama hapa wamesema habari za kahawa, na ndivyo ilivyopasa, maana kahawa ndiyo iliyotukusanya. Sisi wa Kamati ya Mifugo tumeombwa tuseme habari za mnyama ambaye hakutajwa kabisa katika mkutano wetu wa kwanza, na ambaye hata leo wako watu wanaocheka jina lake likitajwa mbele ya wazee wenye ng'ombe. Mnyama huyo ni nguruwe. Wanaocheka na wacheke. Lakini wengi wao wana jike mmoja nyuma ya nyumba, na ada ya shule ya watoto wao yatoka huko.

Wako kati yetu ndugu Waislamu na ndugu Wasabato, ambao imani yao hairuhusu nyama hiyo. Hatukuja kuwaudhi. Twawaomba uvumilivu kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba shauri lililo mbele ya mkutano litatumia fedha za wanachama wote, wanaofuga na wasiofuga, na kila mmoja ana haki ya kujua fedha yake yaenda wapi.

Shauri lenyewe mwalijua. Imependekezwa tujenge banda moja kubwa, na watoto wa nguruwe wa wanachama wote waletwe humo mara waachishwapo ziwa, walelewe pamoja, kisha wauzwe pamoja. Waliotoa shauri hili si watu wasio na akili. Wamesema kweli kwamba mnunuzi akija na gari huku kwetu hupita nyumba kwa nyumba akinunua mmoja mmoja, kwa kukadiria kwa macho, na mwenye shida ya fedha ndiye anayepunjwa zaidi. Wamesema tena kwamba akina mama na vijana wengi hawana nafasi ya kujenga chumba cha pili, kwa hiyo huwauza watoto wakiwa wadogo mno. Hayo yote tumeyaona kwa macho yetu. Hata hivyo sisi twaja kuwaomba msilipitishe shauri hili kama lilivyo, na tumepewa dakika chache za kueleza kwa nini.

Kwanza yafaa tumfahamu mtoto wa nguruwe mwenyewe. Katika siku zake za kwanza duniani hugombea chuchu na ndugu zake, na akisha kuipata yake huirudia hiyo hiyo kila anyonyapo, mpaka mwisho wa kunyonya. Mama huwaita kwa sauti yake, karibu kila saa moja, mchana na usiku, nao huja wote pamoja, kila mmoja akashika mahali pake. Kwa hiyo kitoto huyu hajawahi kutafuta chakula peke yake, hajawahi kula kwa zamu, wala hajui maji ni kitu gani mbali na maziwa. Nguruwe akiachwa aishi kwa desturi zake za porini, mama huyapunguza maziwa kidogo kidogo, na watoto huendelea kunyonya hata zaidi ya miezi mitatu. Sisi wafugaji ndio tunaomkata ghafula, siku moja.

Na siku hiyo moja twamfanyia mambo mengi. Twamwondolea mama. Twamwondolea maziwa, tukampa pumba. Twamhamisha chumba. Halafu twamtia kati ya wageni asiowajua kwa harufu. Mzazi yeyote aliyempeleka mtoto wa darasa la kwanza bwenini ataelewa: mtoto yule hali siku ya kwanza, na usiku husikia baridi hata akiwa na blanketi. Mtoto wa nguruwe hana hata hilo blanketi.

Tumbo lake ndilo linaloteseka kwanza. Wengi hawali kitu siku ya kwanza, na wengine hata siku ya pili. Utumbo usiopata chakula hunyauka kwa ndani, vile vijinyuzi vidogo vinavyofyonza chakula vikafupika, na tumbo lenyewe bado halina asidi ya kutosha kuua vijidudu. Siku ya tatu njaa humzidi, akala kwa pupa, chakula kikaoza tumboni badala ya kusagika. Hapo ndipo kuhara kunapoanza, na mwenye banda husema, "Wamerogwa," au "Ni dawa niliyouziwa." Mara nyingi si uchawi, wala dawa haina kosa.

Twasema haya kwa sababu sisi wenyewe tulikosa. Msimu mmoja wa masika tulimshauri mwanachama mmoja, mama mwenye bidii kuliko wengi, awaachishe ziwa watoto wa majike yake matatu siku moja ili aokoe chakula cha mama zao. Walikuwa 23. Akawatia katika chumba kipya cha saruji, kizuri, kilichofagiliwa hata kiking'ara. Hori lilikuwa moja, ndoo ya maji moja. Tukamsifu na tukaenda zetu. Usiku ule walipigana mpaka asubuhi. Masikio yalichanika na mabega yakawa na mistari ya meno. Wanyonge wakasukumwa pembeni penye mkojo na baridi. Kabla wiki ya pili haijaisha alikuwa amezika saba. Tuliporudi hakutulaumu kwa neno, ila alituonyesha shimo. Tangu siku ile hatukumshauri mtu jambo la nguruwe pasipo kumwuliza kwanza ana mahori mangapi.

Katika chumba kile kosa halikuwa wingi peke yake. Yafaa tuwe waangalifu hapa, maana wengine wamesema kundi kubwa ni ukatili kwa asili yake, na hilo si kweli. Nguruwe wageni wakikutanishwa hupigana kwa muda wa siku moja au mbili mpaka kila mmoja ajue mkubwa wake ni nani. Hivyo ndivyo walivyo, wawe 10 au 30. Wachunguzi wa nchi za nje wameona hata ajabu moja: katika makundi makubwa sana nguruwe hawawezi kumtambua kila mmoja, basi wengi huacha kushindania ukubwa, wakavumiliana. Kwa hiyo ugomvi si lazima uongezeke kwa kadiri ya hesabu. Kinachoongezeka ni shida ya mwangalizi. Katika wanane, asiyekula huonekana mara moja. Katika 80, huonekana akiwa amekwisha kufa.

Mzee wa Kikurya anayesimama langoni pa zizi jioni hahesabu ng'ombe kwa kidole. Hutazama rangi na pembe, na akikosekana mmoja hujua ni nani. Jicho hilo ndilo tunalolitaka kwa nguruwe, na jicho hilo haliajiriwi kwa mshahara wa mwezi katika banda la watu wote. Mwenye mali ndiye mwenye jicho.

Sasa tuseme mambo ya kazi, maana wengi mmekuja kwa hayo.

Kwa chakula tulicho nacho huku, msiwaachishe ziwa mapema. Sheria ya Jumuiya ya Ulaya ya mwaka 2008 yakataza kuwatoa watoto kwa mama kabla ya siku 28, ila kwa masharti maalumu, na wenzetu hao wana vyakula vya viwandani vilivyotengenezwa kwa maziwa ya unga. Sisi wenye pumba za mahindi na mihogo yafaa tungoje wiki sita, na chumba chenye baridi kingoje nane. Jike atakonda kidogo. Mwongezeeni chakula yeye, ni nafuu kuliko kuzika watoto.

Wapeni watoto chakula kigumu kidogo tangu wiki ya pili au ya tatu, wakiwa bado kwa mama, mahali mama asipofika. Watakichezea zaidi ya kukila, na si neno. Siku ya kuwaachisha ikifika, mwondoeni mama, waacheni watoto katika chumba chao kile kile wanachokijua kwa harufu, angalau kwa wiki moja. Hili halina gharama hata senti, nasi twashangaa kwamba ndilo linalosahauliwa kuliko yote.

Ikiwa hapana budi kuwachanganya watoto wa mama wawili, wakutanisheni kabla ya kuwaachisha. Porini jike huwarudisha watoto wake kundini wakiwa na umri wa siku kumi hivi, na huko huwazoea wenzao wangali wadogo, bila majeraha. Ondoeni ubao mmoja kati ya vyumba viwili wakiwa na wiki mbili au tatu, wapite wao na mama wasipite. Waliocheza pamoja hawapigani sana baadaye. Wakisha kuchanganywa, msiwachanganye tena. Kila mara mnapoingiza mgeni mmoja, vita huanza upya kwa wote.

Kumbukeni tulivyosema, kwamba wamezoea kula wote kwa wakati mmoja wakiitwa na mama. Hori lazima liwatoshe wote kwa safu moja: sentimita 15 kwa kila kichwa, yaani watoto 20 wahitaji hori la mita tatu, au mafupi mawili yaliyowekwa mbalimbali. Siku za kwanza wapeni kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku, chakula kilicholowana kama uji mzito, na mabaki yaondolewe kabla hayajachacha. Maji yawe katika chombo kifupi kizito wasichoweza kupindua, wala wasikigeuze choo, nayo yabadilishwe asubuhi, mchana na jioni.

Nafasi nayo ina hesabu yake. Sheria hiyo ya Ulaya yatoa robo tatu ya mita ya mraba kwa nguruwe watano wa kilo 10 kushuka, mita moja kwa watano wanaokaribia kilo 20, na mita moja na nusu kwa watano wanaokaribia 30. Sisi twaona hesabu hiyo ni ya mtu anayenunua ardhi kwa bei ya dhahabu. Huku kwetu toeni mara mbili yake. Chumba cha mita mbili kwa mita nne chatosha watoto 20 mpaka kilo 20, nao watapata pa kulala pakavu na pa kujisaidia mbali na malalo, kwa maana nguruwe ni mnyama msafi akipewa nafasi. Anayesema nguruwe ni mchafu amemwona katika banda la mtu mchafu.

Juu ya baridi, ninyi wa milimani Tarime mwajua usiku wa Juni na Julai ulivyo. Mtoto wa wiki nne aliyetoka kwa mama ataka joto la nyuzi 28 hivi. Hatuwezi kumwekea umeme kila mmoja wetu, lakini majani makavu ya kina cha shubiri moja, na sanduku au dari fupi kwenye pembe moja ya chumba, hufanya kazi kubwa. Msiangalie kipimajoto, angalieni wanavyolala. Wakilundikana mmoja juu ya mwingine, wasikia baridi. Wakitawanyika na kuhema, ni joto. Wakilala ubavu kwa ubavu, wakinyoosha miguu, nendeni mkalale ninyi pia.

Kuna na habari ya kuumana mikia. Nguruwe hujua dunia kwa pua yake. Akikosa kitu cha kuchimbua na kutafuna, hutafuna mkia wa jirani, na akiisha kuonja damu haachi. Msongamano, upepo unaopenya, uhaba wa chumvi na maradhi, vyote huchochea. Wengine hukata mikia ya watoto wote ili kuzuia. Uswidi na Ufini zimekataza ukataji huo, na wafugaji wao huishi kwa kuwapa wanyama majani na nafasi. Sisi tuna migomba, tuna mabua ya mahindi, tuna majani ya viazi vitamu. Tupeni humo kila siku. Mkia uliosimama na kujikunja ni barua njema. Mkia ulioshuka na kubanwa katikati ya miguu ni onyo kwamba kuumana kumeanza au kwaja.

Kwa chakula chenyewe tutakuwa wepesi, isipokuwa hatari chache. Mashudu ya pamba, ambayo ndugu zetu wa Serengeti huyapata kwa urahisi, yana sumu iitwayo gosipoli. Ng'ombe mzima huivumilia, mtoto wa nguruwe haivumilii. Msimpe. Soya isichomwe nusunusu, ikaangwe mpaka iive. Mihogo michungu ichemshwe au ikaushwe. Mahindi yaliyoota ukungu si chakula cha mnyama ye yote, hata kama yaonekana ni hasara kuyatupa. Dagaa wa Ziwa Victoria ni kitu bora, ila waliochanganywa na mchanga humdanganya mnunuzi kwa uzito.

Tumefika kwenye neno lililotufanya tukatae banda la pamoja, nalo ni homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huu ulielezwa na Montgomery mwaka 1921, kutokana na vifo vya nguruwe wa walowezi nchini Kenya, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Hauna tiba. Hapa kwetu hatuna chanjo yake. Ukiingia bandani, mara nyingi huua karibu wote: homa kali, masikio na tumbo kuwa wekundu, kukataa chakula, kisha kifo, na pengine kifo bila dalili yo yote. Binadamu haumdhuru, na hilo ndilo huwafanya watu wauze mgonjwa haraka usiku, nyama ikatembea na virusi mpaka wilaya nyingine.

Mwenye kuuhifadhi ugonjwa huu ni jirani yetu. Ngiri huwa na virusi mwilini asiumwe, na kupe laini wakaao katika mashimo yake huvipokea na kuvitunza kwa muda mrefu. Mwaka 1969 Plowright na wenzake, mabingwa wa mifugo waliokuwa wakichunguza ugonjwa huu Afrika Mashariki, walitangaza kwamba wamevikuta katika kupe waliokusanywa kwenye mashimo ya wanyama nchini Tanzania. Sisi tunaoishi kando ya Hifadhi ya Serengeti hatuhitaji kuonyeshwa ngiri ni mnyama gani. Hupita mashambani mwetu. Kwa hiyo nguruwe anayezurura hovyo huko Mugumu na vijiji vya kando ya hifadhi haleti hasara ya mwenyewe peke yake.

Fikirini basi. Watoto kutoka nyumba 60, wengine milimani, wengine mpakani Sirari, wengine kando ya hifadhi, wametiwa chumba kimoja katika wiki ambayo miili yao ni dhaifu kuliko wiki nyingine yo yote. Mmoja ametoka nyumba iliyolisha mabaki ya nyama yasiyochemshwa. Katika siku chache hasara yake imekuwa ya nyumba 60, na mwangalizi aliyevaa viatu vile vile ameipeleka njiani. Chama kilichojengwa kwa miaka kumi chaweza kupoteza imani ya wanachama kwa wiki mbili.

Wanaopinga wametuuliza, je, ushirika si kukusanya? Ni kukusanya, lakini si kila kitu. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, walioanzisha Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria mwaka 1955, walijikusanya ili mizani iwe mikononi mwao. Hawakukusanya mashamba. Nasi twapendekeza vivyo hivyo: Chama kinunue kwa jumla dagaa, chokaa ya mifupa, chumvi na dawa ya minyoo, kiviuze katika vyama vya msingi, kinunue mizani ya kuning'iniza kwa kila chama cha msingi, na siku ya mnada nguruwe wapimwe mmoja mmoja, gari la mnunuzi likisimama nje ya kijiji, lisiingie mabandani. Kwa akina mama na vijana wasio na nafasi, fedha iliyotengwa kwa banda kubwa itolewe mikopo ya mabati na mbao za chumba cha pili. Tumehesabu na mweka hazina, watapata wengi.

Mkiona bado ni lazima kujenga, basi jengeni vyumba vingi vidogo vyenye kuta, kila kimoja kipokee watoto wa kijiji kimoja kwa siku moja, watoke wote siku moja, kifuliwe na kikae kitupu kabla ya wengine kuingia. Mgeni ye yote akae karantini. Na afisa mifugo apewe taarifa ya kila kifo, tukikumbuka kwamba iko Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003. Iko pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo wengi hatujaisoma, nayo yatuhusu: mnyama aliye mikononi mwetu asiteswe kwa njaa, kiu, msongamano wala maumivu yasiyo ya lazima.

Shauri litapigiwa kura saa tisa alasiri. Wanachama wenye majike yatakayozaa kabla ya mwezi ujao, na wasionie haya kuuliza, watukute chini ya mwembe ulio karibu na ghala. Tumekuja na mizani moja, na hori la mfano la mita tatu ambalo fundi wa hapa Tarime amelitengeneza kwa mbao za mkaratusi. Yule mama wa watoto 23 yupo naye. Msimu huu amelea 19, hakuzika hata mmoja, na amekubali kuwaeleza mwenyewe alivyofanya.